Mdomo Ndio Uliomchoma

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, dada mtu alimfunga mdogo wake vifungo vya blauzi. Alianzia shingoni akashuka taratibu, na mdogo mtu alisimama mikono pembeni, macho ukutani, kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Vidole vyake vilikuwa vimepona, kwa maana ya kwamba havikuwa na kidonda tena. Lakini ngozi ilikuwa imejikunja na kukaza, na kifungo kidogo kilimponyoka kama punje ya dengu iliyolowa. Hawakuzungumza wakati huo. Zamani mdogo ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili, tena bila kuvuta pumzi, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku.

Asubuhi hiyo walikuwa wamefika kifungo cha tumboni simu ikalia. Alikuwa Fundi Mkuu wa karakana. Alimtaka aje upesi, maana kuna mteja amekwisha kukaa ofisini na anataka dai mpya ya mashine ya nailoni. Dada mtu akauliza mteja gani. Fundi Mkuu akakohoa, kikohozi cha mtu anayejua anachokwenda kusema, kisha akakitaja kiwanda.

Dada mtu aliweka simu kitandani. Akarudi kwenye vifungo, akaingiza kilichofuata katika tundu lisilo lake, na cha baada yake vilevile, mpaka blauzi ikaenda upande. Chiriku aliinama akajiona alivyopinda. Alisubiri tu mpaka dada yake akavifungua vyote na kuanza upya.

"Nani?" aliuliza mwishowe.

"Mteja tu."

Anayetaka kuielewa chuki ya mwanamke huyu inabidi kwanza aielewe dai. Ni chuma cha duara, kizito, kinachokaa mwishoni mwa mashine ya kutengenezea nailoni. Punje za plastiki huingia upande wa nyuma, skrubu ndefu huzisukuma ndani ya bomba la moto hadi ziwe uji mzito, na uji huo hupandishwa ndani ya dai. Humo huzungushwa katika mifereji iliyojiviringa kama njia ya konokono, kisha hutokea juu kupitia uwazi mwembamba wa duara. Katikati hupulizwa hewa. Plastiki inafutuka, inakuwa puto refu linalopanda kuelekea paani likipoa, hadi linapobanwa na rola na kulazwa bapa. Ule uwazi wa juu mafundi huuita mdomo. Mdomo ukiwa mpana upande mmoja, puto huinama kama mlevi. Mdomo ukichafuka, nailoni hutoka na mistari.

Dada mtu alikuwa mchoraji wa dai, na pale karakana hawakumwita jina jingine: Mchoraji. Alichora yale ya ndani yasiyoonekana na mtu, wapi mfereji uwe na kina, wapi upungue, plastiki igawanyike vipi na ikutane vipi. Alikuwa na sauti ndogo. Mteja akimkazia macho, aliijibu kalamu yake.

Chiriku alifanya kazi upande wa pili wa chuma hichohicho. Kiwandani, mdomo ulipochafuka, yeye ndiye aliyeufungua ungali wa moto na kuukwangua kwa kisu cha shaba nyeupe kisichokwaruza. Alizoea kurudi nyumbani na kumtania dada yake: "Wewe unachora vinywa, mimi ndiye ninayevipigisha mswaki." Kisha angesimulia zamu nzima, nani kagombana na nani, nani kalala amesimama, huku akiiga sauti za wote.

Halafu ikaja siku ambayo alilegeza bolti za mdomo wakati skrubu ilikuwa bado inasukuma. Plastiki ya moto ilichomoka ikamkamata mikono yote miwili. Haidondoki ile. Inanata.

Mwenye kiwanda alikuwepo. Wafanyakazi walimwita Bwana Puto, kwa sababu ya tumbo na kwa sababu ya namna alivyofutuka akisifiwa. Kesho yake aliikusanya zamu akawaeleza kilichotokea. Alisema yule binti alikuwa anapiga soga badala ya kuangalia kazi. "Mdomo ndio uliomchoma," akasema, na watu wakacheka kile kicheko cha kumridhisha bosi, maana neno lilikuwa limekaa vizuri: mdomo wa dai, mdomo wa mtu. Likawa msemo pale kiwandani. Mtu akichelewa kutoka mapumzikoni huambiwa angalia mdomo usikuchome. Mgeni mmoja aliupeleka msemo huo mpaka hospitalini, akausema mbele ya kitanda, akidhani mgonjwa naye atacheka.

Tangu hapo Chiriku akawa mtu wa kuitikia tu. Ndiyo. Hapana. Sawa. Kazi hakurudishiwa, wala hakuiulizia. Ngozi dada yake labda angekuja kuisamehe siku moja. Ule ukimya hakuusamehe.

Basi alipofika karakana asubuhi ile alimkuta Bwana Puto ameketi kwenye kiti cha Fundi Mkuu, ameegemea kama yuko kwake. Hakujua Mchoraji ni dada wa nani. Alieleza anachotaka: nailoni pana zaidi, mashine iende kasi zaidi. Dai ya zamani, alisema, wasichana wameimaliza kwa kuikwangua. Mchoraji aliandika vipimo bila kuinua kichwa. Bwana Puto akamtazama, akamgeukia Fundi Mkuu.

"Huyu wako bubu?"

Fundi Mkuu akasema ni mtu wa kazi tu, mpole.

"Afadhali. Mimi nilikuwa na mmoja pale, redio isiyozimwa." Akacheka kabla hajafika mwisho, na mwisho wake Mchoraji aliujua. Aliusikia kwa mara ya kwanza ukitoka kwenye kinywa chenyewe kilichoutunga, na kinywa kile kilikuwa na afya, kimenyolewa vizuri pembeni, kina makombo ya mkate.

Fundi Mkuu hakucheka. Alimtupia Mchoraji jicho la kuomba radhi, na mteja alipoondoka alimwambia kwamba kazi hii anaweza kumpa mtu mwingine, hakuna atakayemlaumu. Kisha, kwa sababu hakuweza kukaa muda mrefu bila utani, akaongeza kwamba wenzao hupeleka madai mahakamani, wao wanayapeleka kiwandani.

"Nitaichora mimi," alisema Mchoraji.

Aliichora kwa mapenzi. Hilo lazima lisemwe. Hakuwahi kuchora kitu kwa mapenzi namna ile. Mifereji aliipanga vizuri, uwazi akaupima, na kila aliyeuona mchoro aliusifu. Ila mahali mfereji wa mwisho unapoishia, panapotakiwa kupungua kina polepole mpaka pafe kwa upole, yeye alipakata ghafla. Akaacha kishimo kidogo nyuma ya mgongo wa chuma. Plastiki ikipita hapo, kidogo kitaingia kishimoni na kukosa njia ya kutoka. Kitakaa kwenye moto. Kitakuwa cha manjano, kisha cha kahawia, kisha cheusi kama masizi, halafu kitaanza kumeguka chembe moja moja na kupanda na puto.

Siku ya majaribio hakitaonekana kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Nailoni itatoka safi kama maji, Bwana Puto atafutuka, atapokea pongezi. Zitapita wiki. Kisha doa moja jeusi. Kisha manne. Atalaumu punje, abadilishe punje. Atalaumu joto, apunguze joto. Wateja watamrudishia marobota na kumwonyesha madoa kwa ncha ya ukucha. Hatajua kamwe. Mchoraji alijiona akipita nje ya kiwanda kile akinunua matunda kwa starehe zake, akimsikia ndani akifoka. Alipokwenda kulala aliwaza madoa kama watu wengine wanavyowaza harusi.

Mchoro aliuleta nyumbani siku ya mapumziko, akautandaza kwenye meza ya kulia mchana ule kuupitia mara ya mwisho kabla ya kuukabidhi kwa wakerezaji wa chuma. Hakukusudia Chiriku auone. Lakini Chiriku alikuja na chai, ameshika kikombe kwa viganja viwili kama watu washikavyo bakuli, akakiweka, akabaki amesimama nyuma ya kiti. Alikuwa hajui kusoma michoro ya ndani. Alichokijua ni mdomo. Aliutambua pale juu ya karatasi, akaufuata kwa kidole kimoja kisichonyooka, akazunguka nao.

"Ni ya kwake," alisema.

Dada yake akakubali kwa kichwa. Halafu, kwa sababu ilikuwa imemjaa mpaka kooni, akamwambia yote. Alimwonyesha kishimo. Alimweleza kuhusu masizi na chembe, na marobota yatakavyorudishwa, na alivyopanga kila kitu kisionekane. Aliongea kwa kirefu kuliko alivyowahi kuongea maishani, akisubiri kumwona mdogo wake akitabasamu. Alikuwa amemtengenezea zawadi, na sasa alikuwa anaifungua mbele yake.

Chiriku alikitazama kishimo.

"Ikitoa madoa," alisema, "nani ataifungua?"

"Yeye mwenyewe aifungue kwa meno yake."

"Dada."

Mchoraji akaweka kalamu chini.

"Siku hizi anayefungua ni Mama Pacha," Chiriku alisema. "Nailoni ikitoa madoa unafungua kila siku. Siku nyingine mara mbili. Na bosi yuko pale nyuma yako anakuharakisha."

Alichukua kitambaa akafuta alama ya kikombe mezani, kwa shida, akikisukuma kwa kifundo cha mkono. Mchoraji alimtazama akifuta. Wiki nzima alikuwa ameuona ndani ya kichwa chake uso wa Bwana Puto ukikunjamana, na hakuna hata mara moja alipoiona ile mikono iliyo kati ya Bwana Puto na chuma. Yeye, mtu wa nyumba hii. Alihisi damu imempanda masikioni. Akachukua raba akafuta kishimo, akafuta mpaka karatasi ikachubuka.

Lakini hasira haikufutika. Ingefutika vipi? Ilikosa tu mahali pa kukaa.

Chiriku alikuwa amefika mlangoni aliposimama. Aliuliza bila kugeuka, kama mtu anayeuliza saa. "Mtu akitaka kufungua, anajuaje kama ndani kumetulia?"

"Anamuuliza aliye kwenye swichi."

Mchoraji akageuka kwenye kiti. Mgongo wa mdogo wake ulikuwa umekakamaa.

"Chuma chenyewe hakiwezi kumjibu?" aliuliza Chiriku. Kisha akaenda zake jikoni.

Mchoraji hakumfuata kumuuliza alimaanisha nini. Aliogopa kwamba akimgusa tu, hata hayo machache yatakatika. Alivuta karatasi mpya.

Alichochora sasa kilimchukua muda kuliko dai yenyewe. Ilikuwa pete nene ya chuma inayokaa juu ya zile bolti kubwa zinazoshika mdomo na kuzifunika zote. Pete hiyo haizunguki wala haitoki mpaka kwanza kifunguliwe kizibo kimoja kirefu ubavuni, kwa spana ndefu, mtu akiwa amesimama kando. Kizibo kikianza kulegea, plastiki iliyobanwa ndani inapata njia ya kushuka chini kwenye sinia, mbali na mikono. Inatiririka mpaka iishe msukumo. Na ikiwa skrubu ingali inazunguka, haitaacha kutiririka, na mwenye spana ataiona kwa macho yake mwenyewe, bosi aseme asemalo. Tatizo lilikuwa kizibo: ncha yake ilikuwa inaacha kona ndani, na kona inapika masizi. Ile kona aliyoichora kwa furaha juzi, sasa aliikimbiza huku na huku kwenye karatasi mpaka ncha ya kizibo ikalala sawasawa na ukuta wa mfereji, laini, bila mahali pa plastiki kulala.

Kisha akafanya jambo la mwisho, na hapo ndipo ile chuki yake ilipopata kiti cha kukalia. Alihakikisha pete haiwezi kutupwa. Aliifanya iwe sehemu ya kinachoshika mdomo. Ukiiondoa moja kwa moja, mdomo haukai. Kila dai itakapofunguliwa, kwa miaka yote chuma kile kitakayoishi, Bwana Puto atasimama na kusubiri plastiki idondoke tone kwa tone kama mate ya ng'ombe. Atasubiri akiwa na haraka. Atasubiri akiwa na wageni.

Fundi Mkuu aliitazama pete kwa muda, akapapasa kidevu. "Atachukia."

"Najua," alisema Mchoraji, na Fundi Mkuu, aliyemfahamu kama mtu mpole, akainua macho kutoka kwenye karatasi akamwangalia vizuri.

Bwana Puto alipoletewa mchoro aliuliza upana wa nailoni na kasi, akatia saini, akarudi kwenye simu yake.

Siku ya majaribio ilipofika, Mchoraji alimuuliza mdogo wake kama angependa kuja. Hakutegemea jibu. Chiriku akasema sawa, na alipofungwa kifungo cha mwisho akajitazama kwenye kioo kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kiwandani palikuwa na joto na ile harufu ya plastiki inayoshika nywele. Wanawake wa zamu walipomwona Chiriku walisita, wengine wakatazama chini, maana walikuwa wamecheka. Mama Pacha, mwanamke mpana mwenye kitambaa kichwani, alikuja moja kwa moja akamshika kiwiko, asijue aguse wapi pengine, na hakukiachia. Bwana Puto alitokea na wageni wawili wenye suti. Macho yake yakapita juu ya ile mikono yakakimbilia juu paani.

"Ehe, redio yetu imetutembelea," alisema.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa mashine ilikuwa inapiga kelele na haikuwa wazi kama wamesikia.

Puto lilipanda. Lilipanda limenyooka, safi, halina mstari wala mkunjo, likabanwa na rola kule juu, na mwanga wa madirishani ukapita ndani yake. Fundi Mkuu alipima unene kuzunguka duara akatabasamu. Bwana Puto aliwaeleza wageni mambo mengi kuhusu dai ile kama mtu aliyeizaa. Kisha akataka waone jinsi inavyofunguliwa na kusafishwa. Fundi Mkuu alizima mashine mwenyewe. Mama Pacha akamwachia Chiriku, akasimama kando akaanza kulegeza kizibo kwa spana ndefu, na plastiki ikaanza kushuka kwenye sinia, uzi mnene, kisha mwembamba, kisha matone.

Walisubiri. Mgeni mmoja alitazama saa. Bwana Puto akahamisha uzito mguu huu na huu.

"Tunasubiri nini? Niko kliniki hapa?"

Fundi Mkuu akaeleza kuhusu pete, kwamba haitoki mpaka ndani kutulie, ili mfunguaji asiungue. Bwana Puto akasema waing'oe. Fundi Mkuu akasema ikitoka, mdomo haukai. Shingo ya Bwana Puto ikavimba juu ya kola. Mchoraji alikuwa ameiwaza shingo hiyo kwa miezi, na ilikuwa tamu kuitazama kama alivyotegemea, labda zaidi.

"Sikuagiza kidude hiki," Bwana Puto alisema. "Kiwanda ni changu. Mimi nikisema imezimwa, imezimwa. Nani aliomba upuuzi huu?"

Jibu Mchoraji alikuwa nalo. Alikuwa amelitunga tangu kwenye meza ya kulia, akalisema bafuni, akalisema njiani, lilikuwa na maneno makali yaliyopangwa vizuri. Alifungua kinywa. Watu wote walikuwa wanamtazama. Akajikuta anaitazama kalamu mfukoni mwake.

"Mimi," Chiriku alisema.

Alikuwa amejitoa katikati ya wanawake wa zamu. Alisogea mpaka akasimama karibu na dai, upande uleule aliosimama siku ile, na sauti yake ilitoka imekwaruza kwa kutotumika, lakini mashine ilikuwa imezimwa na kila mtu aliisikia. Bwana Puto alinyanyua mkono kama anayetaka kusema tuzungumze baadaye, ofisini.

"Hapana bosi, hapahapa. Ulisema nilikuwa napiga soga. Sikuwa napiga soga. Nilikuwa nakuuliza. Nilikuuliza, bosi, umezima? Ulikuwa pale kwenye swichi, unaongea na simu. Ukasema nimezima, fungua. Nikauliza tena, maana niliona haijatulia, ukaniambia acha mdomo, fungua. Nikafungua." Alivuta pumzi. "Nimekaa mwaka mzima nikidhani nilikosea kuuliza. Sikukosea. Wewe ndiye uliyenichoma, halafu ukawafundisha hawa kunicheka. Sasa wako wote hapa. Waambie."